Tangi Lako Lavuja Tena? Tafuta Chanzo Kwanza

Ndugu mkulima, kila mwaka kabla ya mvua za Machi wako watu wafikao ofisini na swali lile lile: "Nimeziba tangi langu mara mbili, mara tatu, nalo lavuja tena. Nifanyeje?" Nimeona afadhali nijibu hapa kwa wote.

Wazee walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni kweli. Lakini yuko mtu azibaye ufa kila mwaka, na mwisho ukuta aujenga vile vile. Mtu huyo si mvivu. Kosa lake ni kuziba pale anapoyaona maji yakitoka, bila kujua yanapoingilia.

Usidharau tone

Tone moja kila sekunde ni lita 4 na zaidi kwa siku, yaani lita 1,500 hivi kwa mwaka. Sasa fikiri tangi la mviringo lililojengwa kwa mawe, upana wake meta 2 na nusu na kimo chake meta 2. Tangi hilo huchukua karibu lita 10,000. Maji yakishuka sentimita 1 tu, umepoteza lita 50 hivi, yaani madebe mawili na nusu. Ng'ombe wa maziwa huhitaji lita 60 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya maziwa yenyewe ni maji. Akikosa maji, maziwa hupungua hata kama majani yako tele. Basi sentimita ile moja ni karibu kinywaji cha ng'ombe mmoja kwa siku nzima.

Tangi la jirani

Mkulima mmoja katika skimu yetu alikuwa na tangi la namna hiyo. Alilijenga mwenyewe, na kwa miaka miwili lilikuwa zima. Mwaka wa tatu aliona unyevu ukutani, hatua moja kutoka kwenye mfereji. Akapaka simiti kwa nje. Pakakauka mwezi mmoja, kisha pakalowa tena. Akapaka mara ya pili na mara ya tatu, mpaka akasema atalibomoa.

Tulipokwenda kulitazama ilikuwa mwisho wa kiangazi na maji yalikuwa machache. Tulimwambia aweke mwiko kando. Jioni tulifunga mfereji, tukafunika tangi, na tukachora alama ndani kwa kipande cha makaa pale maji yalipofika. Asubuhi yalikuwa yameshuka. Akaendelea kuchora kila siku, huku akiteka maji ya matumizi mtoni. Maji yaliposhuka mpaka usawa wa bomba la kutolea maji, yakasimama. Hapo tukajua kwamba kasoro ilikuwa pale bomba linapopita ukutani. Maji yaliingia hapo, yakatembea kati ya mawe, yakatokea hatua moja mbali.

Lakini kwa nini bomba lilegee? Bibi yake ndiye aliyetupa jibu. Watoto walizoea kutundika ndoo kwenye mfereji ikijaa, na ndama walikuja kujikuna hapo. Bomba lilitikisika kila siku, na simiti haiwezi kupinda. Hata kiraka cha fundi hodari kingevunjika.

Jinsi ya kusoma alama

Wewe nawe fanya hivyo. Maji yakishuka kisha yakasimama, tundu liko kwenye usawa huo. Tafuta kwa ndani, ukizunguka tangi lote. Yakiisha yote, kasoro iko sakafuni au pale ukuta unapokutana na sakafu.

Kisha uliza sababu. Je, maji yanayofurika na yanayomwagika mfererijini yamekula udongo wa msingi? Je, kuna mti karibu ambao mizizi yake yasukuma ukuta? Je, tangi liliachwa kavu kiangazi kizima mpaka simiti ikapasuka kwa jua? Ondoa sababu kwanza, ndipo uzibe.

Kuziba kwa ndani

Kiraka cha ndani husukumwa na maji kikabanwa ukutani. Kiraka cha nje husukumwa na maji kikabanduka. Kwa hiyo ziba kwa ndani.

1. Hamisha maji yaliyobaki kwenye mapipa. Acha mlango wa tangi wazi siku nzima kabla ya kuingia, na mtu mmoja akae nje akikuangalia. Usiingize jiko la makaa ili kukausha tangi. Moshi wake usioonekana huua.

2. Kwa tindo na nyundo, ondoa viraka vyote vya zamani mpaka ufikie simiti ngumu. Usipake kipya juu ya kibovu. Chimba ufa uwe mtaro wa kina cha sentimita 2, na ndani uwe mpana kuliko mdomoni, ili kiraka kijifunge chenyewe.

3. Sugua kwa brashi ya waya, osha vumbi lote, na uache pakiwa na unyevu bila maji kutuama.

4. Chagua mchanga safi wa mtoni. Tia mchanga katika chupa pamoja na maji, tikisa, uache utulie. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe kwanza. Changanya simiti karai 1 na mchanga karai 3, na maji kidogo tu. Changanya kiasi utakachomaliza kabla ya saa moja kupita.

5. Paka uji wa simiti ndani ya mtaro, na kabla haujakauka shindilia mchanganyiko wako kwa nguvu. Pale ukuta unapokutana na sakafu, jaza kona iwe ya mviringo, upana wa sentimita 8 hivi, kuzunguka tangi lote.

6. Funika kwa magunia yaliyolowa, na uyaweke maji kwa siku 7. Wengi hushindwa hapa. Simiti hupata nguvu kwa unyevu. Ikikauka upesi hupasuka.

7. Jaza kidogo kidogo, sentimita 30 kwa siku, ukitazama. Tangu siku hiyo usiliache tangi likauke kabisa.

Usipake lami ya barabara wala rangi ya mafuta ndani ya tangi la maji ya kunywa.

Ufa usiozibika

Weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, na uandike tarehe. Ukiona ufa umepita alama baada ya wiki kadhaa, msingi unaendelea kuzama, na simiti yako itapotea bure. Na ikiwa ufa umesimama toka juu hadi chini, au ukuta umetoka tumbo, usisubiri. Toa maji, weka watoto mbali, umwite fundi wa mawe. Tangi lile la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji. Likipasuka halichagui aliye mbele yake.

Yule mkulima alitumia nusu mfuko wa simiti. Alishika bomba kwa nguzo fupi ya zege upande wa nje, akajenga jiwe la kuwekea ndoo, na akazungushia seng'enge kuzuia ndama. Mvua za masika zimepita, na za vuli pia, na ukuta wake ni mkavu. Viraka vitatu vya kwanza vilimgharimu zaidi ya hicho cha nne.

Basi leo jioni, kabla hujanunua simiti, funga mfereji, chukua kipande cha makaa, uchore alama. Kesho asubuhi tangi lenyewe litaanza kukuonyesha.