Mchezaji wa kujileta katika besiboli ya vyuo vya Marekani

Katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani kuna neno linalomsumbua mfasiri: "walk-on". Kwenye tamthilia, neno hilohilo humtaja mwigizaji anayepita jukwaani bila kusema lolote. Michezoni humtaja mwanafunzi anayeingia timu bila ufadhili wa michezo. Ukiandika "mtembeaji" umempoteza msomaji. "Mzamiaji" pia halifai, kwa sababu mzamiaji hujificha, na huyu anataka aonekane. Mimi ningesema "mchezaji wa kujileta". Kejeli ndogo iliyomo katika kitenzi hicho, kwamba hakuna aliyekuita, ndiyo hali yake hasa.

Lakini kwa nini timu impokee? Jibu limo katika hesabu. Besiboli huchezwa na watu 9 uwanjani, ila timu ya chuo huhitaji wengi zaidi, hasa warushaji, maana mkono uliorusha sana lazima upumzike siku kadhaa. Kwa miaka mingi NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, liliruhusu timu ya daraja la kwanza ufadhili kamili 11.7 tu. Naam, nukta saba: kocha aliukatakata na kuwagawia wachezaji wasiozidi 27, kila mmoja angalau robo. Orodha yenyewe ilifika watu 35. Ikijaa, 8 au zaidi hawakupata hata senti ya ufadhili huo. Kanuni zenyewe zilimhitaji mjileta.

Hata hivyo, wajileta si wa namna moja. Kuna ambaye kocha alimwona mapema akamwambia, "Njoo, nafasi ipo, fedha hakuna." Huyo amejileta nusu tu. Mwingine hajulikani kabisa. Hujiandikisha masomo ya kutwa kama wenzake, kisha husubiri siku ya majaribio ya wazi, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kabla ya kugusa mpira lazima apimwe na daktari, pamoja na kipimo cha chembe ya urithi ya selimundu, ugonjwa ambao sisi Wakongo hatuhitaji kuelezwa. Uwanjani hukimbia yadi 60, yaani karibu mita 55, na makocha wengi hupenda kuona sekunde 7 au pungufu. Mrushaji hupimwa kasi ya mpira kwa rada. Saa chache, na wengi hurudi bwenini.

Anayebaki hajamaliza. Hufanya mazoezi msimu wote wa vuli, hudaka mipira ya warushaji wanaojipasha moto, na huenda asipande basi timu inaposafiri, huku akilipa ada zake mwenyewe. Kinachomfungulia mlango mara nyingi ni bahati mbaya ya mwingine. Ozzie Smith alifika Cal Poly, California, akiwa na sehemu ya ufadhili wa kitaaluma, akajileta kwenye timu. Katika msimu wa 1974, mchezaji wa nafasi yake, kati ya kituo cha pili na cha tatu, alivunjika mguu, Smith akaingia. Baadaye, akiwa mchezaji wa kulipwa, alipata tuzo ya Glavu ya Dhahabu mara 13 mfululizo, na mwaka 2002 akaingizwa kwenye Jumba la Mashuhuri la besiboli.

Njia hiyo sasa imebanwa, na ajabu ni kwamba imebanwa na mageuzi yaliyokusudiwa kuwanufaisha wachezaji. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA. Kwa vyuo vilivyoyakubali, kikomo cha 11.7 kimefutwa: chuo chenye fedha kinaweza kumfadhili kila mchezaji. Badala yake kimewekwa kikomo cha watu, nacho ni 34 kwa besiboli. Mnamo Aprili jaji alikataa kwanza kuidhinisha, kwa kuwa vikosi vilikuwa vimeshaanza kupunguzwa, na wengi wa waliotolewa ni hawa wasio na ufadhili. Hatimaye waliopoteza nafasi kwa sababu hiyo walipewa kinga: wanaweza kurudishwa bila kuhesabiwa, chuo kikitaka.

Kinga hiyo haimfuniki mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayefika sasa na glavu yake begani. Orodha ikishajaa, kocha akimpenda, lazima amtoe mmoja kati ya wale 34.