Kovu Lililo Ndani ya Damu

Ukitoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta, baada ya kilomita 14 hivi unafika Masako, msitu wa hifadhi uliozungukwa na kona ya Mto Tshopo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wametega panya hapo kwa miaka mingi. Panya anayenaswa huenda hana homa wala upele, ila damu yake inaweza kueleza yaliyompata zamani.

Virusi vikiingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili. Virusi huondoka baada ya wiki chache; kingamwili hubaki miezi, pengine miaka. Kwa mpox hilo lina maana kubwa. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa binadamu mwaka 1970, kwa mtoto wa miezi 9 huko Basankusu, na bado hatujui kwa hakika ni mnyama gani anayevitunza virusi vyake. Mwaka 1985 virusi hai vilipatikana kwa kindi mmoja mgonjwa wa Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo. Kumkuta mnyama katika siku zake chache za ugonjwa ni bahati. Kukuta kingamwili ni rahisi zaidi.

Rahisi, lakini kuna mtego. Watazame wazee wetu begani: wengi wana kovu la chanjo ya ndui, iliyokoma baada ya ndui kutangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Virusi vya ndui na vya mpox ni ndugu, na kingamwili zao hufanana. Ukimpima mzee huyo, kipimo cha kawaida hakitakuambia kama alichanjwa au aliugua. Panya hakuchanjwa, lakini naye anaweza kuwa amekutana na ndugu mwingine wa ukoo huo.

Kisha kuna hesabu. Tuseme kipimo kinakosea mara 2 katika kila 100. Pima panya 500 ambao hawajawahi kuambukizwa: utapata 10 wanaoonekana kwa uongo kuwa na kingamwili. Mwandishi wa habari mwenye haraka ataandika kwamba msitu umejaa mpox. Ndiyo maana maabara makini hurudia kwa kipimo cha pili, kuona kama damu hiyo inavizuia virusi kweli.

Kwa mpishi anayetaka kupika nyama ya mwituni, jibu la kipimo hiki halisaidii. Mnyama mwenye kingamwili huenda amepona kabisa. Asiye nazo huenda ameambukizwa juzi tu, na sasa amejaa virusi. Kindi au panya uliyemkuta amekufa njiani usimchune.