Je, Daktari Bingwa Huyu wa Kisukari Anakufaa?

Mlaji anaponunua sufuria huigonga, huigeuza, kisha huuliza bei katika duka la pili. Anapomlipa daktari bingwa, mara nyingi hufanya kinyume: hukaa kimya, hupokea karatasi ya dawa, hushukuru na kuondoka. Ukimya huo una gharama katika ugonjwa wowote, lakini katika kisukari gharama yake ni kubwa zaidi. Kisukari hakimalizwi kwa dozi moja. Anayeanza matibabu leo atakuwa na daktari kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote, na madhara ya uangalizi hafifu hayaonekani mwezi huu wala ujao. Huonekana baadaye, jicho linapofifia au kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Katika makala haya tunaeleza namna ya kumpima mtaalamu wako kabla mambo hayajafika huko.

Tuanze na neno lenyewe, bingwa. Nchini Tanzania madaktari waliobobea katika homoni na kisukari ni wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Kwa sababu hiyo, bingwa utakayemkuta katika hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kawaida ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au bingwa wa watoto iwapo mgonjwa ni mdogo. Hiyo si kasoro. Wala si kila mgonjwa anamhitaji bingwa: mtu mwenye kisukari cha aina ya pili ambaye sukari yake imetulia kwa vidonge anaweza kuhudumiwa vema katika kliniki ya kisukari ya hospitali ya wilaya. Haja ya bingwa hujitokeza kwa mtoto au kijana anayeishi kwa insulini, kwa mjamzito, kwa mtu ambaye figo zake zimeanza kudhoofika, na kwa yule ambaye sukari yake haishuki ingawa anatumia dawa ipasavyo, au hushuka mno mara kwa mara.

Kibao kilichobandikwa mlangoni si ushahidi wa ubingwa. Tanzania Bara, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Andika jina kamili la daktari, uliulize Baraza kama amesajiliwa, na kama amesajiliwa kuwa bingwa wa fani anayoitangaza. Daktari wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Usajili, hata hivyo, unathibitisha tu kwamba alisoma. Kama anakufaa wewe, utalijua kwa yale anayoyafanya chumbani, na hapa tunamwomba msomaji azingatie miguu yake. Je, daktari alikuomba uvue viatu? Sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguuni, na mwenye ganzi anaweza kukanyaga msumari asihisi. Kidonda kisichouma hupuuzwa, huoza, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. Angalau mara moja kwa mwaka daktari, au muuguzi aliye chini yake, anapaswa kutazama nyayo na katikati ya vidole, kugusa ngozi kwa uzi mwembamba wa nailoni ili kujua kama unahisi, na kutafuta mapigo ya damu kwenye mguu. Aliyekwisha kupata ganzi au kidonda hutazamwa mara nyingi zaidi. Uchunguzi huu hautaki mashine ya gharama; unataka mtu akubali kuinama. Ndiyo maana tunauona kuwa kipimo kizuri cha daktari kuliko ukubwa wa jengo lake.

Macho nayo yachunguzwe kila mwaka, na kwa mwenye kisukari cha aina ya pili uchunguzi wa kwanza hufanywa mara ugonjwa unapogundulika, kwa kuwa huenda sukari ilikuwa juu kwa miaka bila yeye kujua. Mtaalamu wa macho hutia matone ya kupanua mboni na kutazama retina iliyo nyuma ya jicho. Kusoma herufi ukutani pekee hakutoshi, kwani mishipa midogo huharibika mapema wakati mgonjwa bado anaona vizuri. Kwa figo, hupimwa protini iitwayo albumini katika mkojo na kreatinini katika damu, pia kila mwaka. Shinikizo la damu hupimwa katika kila hudhurio. Bingwa si lazima afanye yote haya kwa mikono yake, lakini ni lazima ajue yalifanyika lini na akuelekeze pale yanapofanyika. Ikiwa mwaka umepita na hakuna aliyekutajia macho wala figo, uliza. Jibu utakalopewa litakueleza mengi.

Kipimo kingine ni namna anavyozungumza nawe kuhusu tarakimu. Sukari ya kidole huonyesha saa ile tu, ilhali kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu, huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hupimwa walau mara mbili kwa mwaka kwa aliyetulia, na kila baada ya miezi mitatu kwa ambaye dawa zake zinabadilishwa. Kwa watu wazima wengi lengo huwa chini ya asilimia 7. Lakini mzee anayeishi peke yake, au mtu ambaye sukari yake hushuka ghafla, anaweza kuwekewa lengo lililolegezwa, maana kuanguka na kupoteza fahamu ni hatari iliyo karibu kuliko madhara ya miaka kumi ijayo. Daktari anayekufaa atakuambia lengo lako wewe na sababu yake. Tena atauliza kama una selimundu au upungufu mkubwa wa damu, kwa sababu hali hizo huweza kulifanya jibu la HbA1c kudanganya. Na atakufundisha, wewe pamoja na unaoishi nao, dalili za sukari kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na nini cha kunywa mara moja.

Tuchukue mfano wa mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri, anayekula akiwa amesimama, na ambaye chakula chake cha kwanza kamili huwa saa tisa alasiri. Akiandikiwa dawa ya kushusha sukari kila asubuhi bila kuulizwa anakula saa ngapi, anaweza kuzimia jikoni. Kosa hapo si la dawa. Ni la swali ambalo halikuulizwa. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa insulini asiye na jokofu: anahitaji kuelezwa kwamba chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu takriban siku 28 ikikingwa na joto, na kwamba chungu cha udongo chenye ubaridi wa maji husaidia. Anayeambiwa tu "iweke kwenye friji" hajahudumiwa. Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili ajue kama hali yake inaruhusu, dozi zigawanywe vipi kati ya futari na daku, na ni wakati gani analazimika kufungua. Bingwa anayelipuuza jambo hilo atamwacha mgonjwa afunge kwa siri, na kufunga kwa siri ndiko kwenye hatari zaidi.

Fedha nazo zizungumzwe waziwazi. Metformini ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na bado ni miongoni mwa dawa za kwanza kuchaguliwa kwa kisukari cha aina ya pili. Zipo dawa mpya zenye manufaa ya kweli kwa moyo na figo za wagonjwa fulani, lakini bei yake ni ya juu. Anayekuandikia dawa ya bei kubwa aeleze itakusaidia nini kuliko ile ya kwanza, na akuulize kama utaweza kuinunua mwezi wa sita kama unavyoweza leo. Mwenye bima athibitishe mapema kama dawa, vipimo na stripu vinalipiwa, na kama anahitaji barua ya rufaa.

Yako mambo mawili ambayo yanatosha kukufanya uondoke. La kwanza ni ahadi ya kuponya kisukari kabisa, hasa ikiambatana na virutubisho vinavyouzwa papo hapo. Ni kweli kwamba baadhi ya watu wa aina ya pili wakipunguza uzito sana sukari yao hutulia bila dawa, lakini nao huendelea kupimwa, maana huweza kupanda tena. La pili ni agizo kwa mgonjwa wa aina ya kwanza kwamba aache insulini. Mwili wake hauitengenezi. Akiiacha, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Upole, tunakiri, ni jambo zuri, lakini si kipimo cha kutegemea. Yuko daktari mkavu wa maneno anayekagua miguu kila mara, na yuko mcheshi ambaye hajawahi kuitazama. Kumbuka pia kwamba daktari hawezi kuijua dozi uliyoiruka ukimficha. Nenda na daftari la vipimo vyako na pakiti za dawa zote, za hospitali na za mitishamba.

Ukiamua kubadili daktari, usiache dawa katikati. Omba nakala za majibu ya vipimo na muhtasari wa matibabu kabla ya kuondoka, hakikisha insulini au vidonge vilivyobaki vitakufikisha kwenye hudhurio jipya, na umwambie daktari mpya dozi unayotumia sasa, siyo ile iliyoandikwa kwenye kadi mwaka jana.