Safari ya Kanada na saini ya mchungaji

"Baba Mchungaji, tunaomba barua tu. Andika kwamba nilifundisha katika shule ya kanisa miaka mitatu." Maombi ya namna hii yanafika sasa katika ofisi nyingi za parokia zetu. Anayeomba pengine alifundisha mwaka mmoja, pengine hakufundisha kabisa. Ni komisioneri aliyemwambia kwamba miaka mitatu inatakiwa ili apate Kanada. Hatuwalaumu ndugu wanaotaka kuondoka. Baada ya yote tuliyoyaona huku Kivu na Ituri, ni nani atawalaumu? Lakini wengi wanalipia kitu wasichokijua, na wengine wanatutia sisi viongozi ndani ya jambo hilo. Kwa hiyo tumeona vema kueleza njia hii jinsi ilivyo.

Kanada ina majimbo 10. Kila jimbo, isipokuwa Québec, linaweza kuchagua wageni ambao uchumi wake unawahitaji na kuwapendekeza kwa serikali kuu ya Ottawa. Mpango huo unaitwa Programme des candidats des provinces, kwa kifupi PCP. Manitoba ndilo lililotangulia, mwaka 1998. Québec inachagua watu wake kwa utaratibu wake yenyewe, kufuatana na mapatano yake na Ottawa ya mwaka 1991. Kila jimbo lina orodha yake ya kazi na masharti yake, na orodha hizo zinabadilika. Aliyefaulu mwaka jana kwa kazi ya useremala asikuambie kwamba nawe utafaulu mwaka huu.

Jambo la kushika kwanza ni hili: jimbo halitoi visa. Linatoa cheti cha kuteuliwa. Ukiisha kukipata, ndipo Ottawa inapima afya yako, inatazama usalama na karatasi za polisi, inahakikisha familia yako, halafu inaamua. Kwa wale wanaopitia Entrée express, cheti hicho kinaongeza pointi 600, na hapo mwaliko wa kuomba makao ya kudumu unakuwa karibu sana. Hata hivyo mwaliko si visa. Tena nafasi zinapanda na kushuka: kwa mwaka 2025 Ottawa ilipunguza nafasi za PCP kutoka 110,000 hadi 55,000.

Sisi Wakongomani tuna mali moja ambayo hatuihesabu: Kifaransa. Nje ya Québec, Kanada inatafuta watu wanaosema lugha hiyo. Nouveau-Brunswick ni jimbo la pekee lenye lugha mbili rasmi, na mwanzoni mwa 2025 Ottawa ilifungua mpango wa majaribio kwa jumuiya sita za Kifaransa, kati yake Sudbury, Timmins na Saint-Pierre-Jolys. Humo mtu anahitaji mwajiri aliyekubaliwa na jumuiya ile. Lakini usidhani kwamba kusoma shule kwa Kifaransa kunatosha. Ni lazima kufanya mtihani wa TEF Canada au TCF Canada: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Katika Entrée express, anayefikia ngazi ya 7 katika yote manne anaongezewa pointi 25, na 50 kama ana Kiingereza cha kadiri. Tunawajua vijana waliolipa komisioneri kabla hata ya kujua ngazi yao. Wangeanza na mtihani.

Diploma nazo zinapimwa na shirika lililokubaliwa, kwa kuzilinganisha na masomo ya Kanada. Kwa wauguzi kuna hatua nyingine: kupimwa kwa diploma hakumpi mtu ruhusa ya kugusa mgonjwa. Ruhusa hiyo inatoka kwa chama cha wauguzi cha jimbo, na inaweza kudai mitihani na muda mrefu.

Wafanyabiashara, hasa wa Butembo, wanauliza juu ya mlango wao. Upo, ila ni mwembamba. Manitoba, kwa mfano, imedai mali isiyopungua dola za Kanada 500,000, na kuweka katika biashara 250,000 mjini Winnipeg na kandokando yake, au 150,000 mbali na hapo. Mtu anakwenda kwanza kwa ruhusa ya kazi, anaendesha biashara mwenyewe, na akitimiza mapatano ndipo anateuliwa. Kununua nyumba za kupangisha hakuhesabiwi. Tena ni lazima kuonyesha kwa karatasi mali ilitoka wapi, na hapo wengi wetu tunakwama, kwa sababu biashara yetu inakaa mfukoni na kichwani.

Kwa mfanyakazi wa kawaida pia fedha zinatazamwa. Mwaka 2025, mtu asiye na kazi ya uhakika Kanada alitakiwa katika Entrée express kuonyesha dola 15,263 kama yuko peke yake, na 28,362 kwa familia ya watu wanne. Fedha hizo hakumpa mtu yeyote. Zilikuwa zake, za kuanzia maisha. Benki inaandika barua ya kuonyesha kiasi kilichopo na wastani wa miezi sita. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, barua hiyo imekuwa mzigo wa peke yake. Akiba ya AVEC haiwezi kuchukua nafasi yake.

Sasa watoto. Hapa tunaomba msome polepole. Ni lazima kuwataja watoto wote, hata yule aliyebaki kwa bibi yake, hata yule aliyezaliwa nje ya ndoa, hata kama hawasafiri. Kwa kawaida, mtoto aliyefichwa na asiyechunguzwa wakati wa maombi hawezi kuitwa baadaye na mzazi wake. Tumesikia washauri wakisema, "Punguza watoto, gharama itashuka." Huko ni kumpoteza mtoto. Na watoto wa ndugu waliokufa vitani, ambao tunawalea kama wetu? Bila hukumu ya korti ya kuwafanya watoto wako, Kanada haiwahesabu katika familia yako. Anayewalea afikiri juu ya korti kabla ya kufikiri juu ya tiketi.

Juu ya komisioneri: wanaoruhusiwa kulipwa kwa ushauri huu ni wanasheria wa Kanada, manotari wa Québec, na washauri walioandikwa katika Collège des consultants en immigration et en citoyenneté. Majina yao yako wazi kwenye intaneti. Dakika tano zinatosha kutafuta. Asiyekuwamo asilipwe, hata kama anaimba kwaya pamoja nasi. Na kwa ndugu walioko Nakivale au Nyarugusu: njia ya wakimbizi kupitia HCR ni nyingine kabisa, na hailipiwi hata senti.

Tunarudi kwenye ile barua. Ottawa ikikuta uongo katika maombi, mtu anafungiwa mlango miaka mitano, na wanaweza kupiga simu kwa aliyetia saini. Barua ya uongo moja inatia mashaka juu ya barua zote za shule ile, pamoja na ya mwalimu aliyefundisha kweli miaka kumi.

Kwa aliyefanya kazi kweli katika shule au hospitali zetu, tumwandikie upesi, bila kudai kitu. Barua iwe na kichwa cha shirika, cheo chake, kazi alizofanya, masaa kwa juma, mshahara, siku ya kuanza na ya kumaliza. Katibu wa shule anayo daftari ya walimu. Tarehe zichukuliwe humo, si katika kinywa cha mwombaji.