Je, Wajua? Lukano, Bangili ya Mwant Yav

Huko Musumba, mji mkuu wa Walunda katika Kapanga, mkoani Lualaba, utakatifu wa mfalme, Mwant Yav, umo mkononi mwake: lukano, bangili ya kano za binadamu. (Sikia ukano wa Kiswahili ulivyo karibu na neno hilo!) Wazee husimulia kwamba malkia Ruweej alimvisha mumewe Chibinda Ilunga, mwindaji Mluba, bangili hiyo; Kinguri, nduguye Ruweej, akakasirika, akahamia magharibi, Angola.

Walunda walimjua Nzambi, Mungu Muumba, kabla ya wamisionari. Mwaka 1914 daktari mmisionari Mmethodisti Arthur Piper alifika Kapanga. Dini mpya, Ukristo, ikaota mizizi, lakini lukano haikuvuliwa: Mwant Yav angali anaivaa.