Taa za Mlingoti: Hesabu Ianze na Waya

Taa ya kileleni mwa mlingoti ikififia, wenye boti wengi hukimbilia balbu kubwa zaidi. Kumbe balbu kubwa huvuta umeme mwingi, na waya mwembamba huzidi kuupoteza njiani. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye waya.

Chukua boti ya tanga yenye mlingoti wa mita 15. Kutoka kwenye swichi hadi kileleni ni kama mita 20. Umeme huenda na kurudi, hivyo piga hesabu ya mita 40. Balbu ya kizamani ya wati 25, kwa betri ya volti 12, huvuta ampea 2 hivi. Ukitumia waya wa milimita mraba 1.5, karibu volti nzima hupotea, yaani asilimia 8, na mwanga hupungua kwa takriban robo. Kikomo wanachofuata mafundi wengi wa boti ni asilimia 3, na hapo utahitaji waya wa 4, mzito kuuning'iniza juu. Taa ya LED ya wati 3 hupoteza asilimia 1 tu kwenye waya uleule wa 1.5.

Kila taa ya mlingoti iwe na swichi yake. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinairuhusu boti ya chini ya mita 20, ikienda kwa tanga, kuunganisha nyekundu ya kushoto, kijani ya kulia na nyeupe ya tezi katika taa moja kileleni. Injini ikiwaka, taa hiyo izimwe. Ziwashwe taa za ubavuni na ya tezi, na juu yake nyeupe ya mbele yenye upana wa nyuzi 225. Anayekuona lazima ajue kama unasukumwa na upepo au injini, maana ndiyo huamua nani ampishe nani. Ukitia nanga, washa nyeupe inayoonekana pande zote.

Chumvi hula shaba tupu, basi nunua waya uliopakwa bati. Upitishe ndani ya paipu na uufunge vizuri kileleni, uzito wake usivute viungio. Usiufanye mlingoti wa alumini kuwa njia ya kurudishia umeme, utalika.

Kabla ya kuusimamisha mlingoti, washa taa zote na upime volti palepale kwenye balbu. Betri ikisoma 12.6, kileleni isipungue 12.2.