Mchezo wa Hadithi: Kuongoza Bila Kusoma Daftari



Jumamosi moja ya mwezi wa Mei mvua ilinyesha Nyeri mchana kutwa, hata mechi ya kandanda ikaahirishwa. Basi mimi na wenzangu wanne tukaketi nyuma ya darasa tukacheza mchezo wa hadithi. Mchezo huo ulikufa kabla ya kengele ya chai, na aliyeuua ni mimi. Katika makala haya nataka kueleza ulikufaje na jinsi nilivyojifunza kuuongoza, ili nawe ukitaka kuujaribu usirudie kosa langu.

Kwanza niwaeleze wasioujua. Mchezo huu huchezwa kwa maneno. Mtu mmoja huwa msimulizi. Waliosalia ni wachezaji, na kila mchezaji ana mhusika wake: mwindaji, mganga, mhunzi, au hata mwizi aliyetubu. Msimulizi huwaeleza mahali walipo na wanachokiona, kisha huuliza, "Mnafanya nini?" Wao hujibu, na hadithi husonga mbele. Jambo likiwa na shaka, kama vile kuruka korongo, dadu hurushwa ili iamue. Wengi hutumia dadu yenye pande 20. Sisi hatukuwa nayo, kwa hivyo tuliandika nambari 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tukavitia katika mkebe wa kakao. Hakuna anayemshinda mwenzake.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka wa 1974. Hata hivyo mbegu yake ilipandwa mapema. Mwaka wa 1969 huko Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Alimpa kila mchezaji cheo na lengo lake. Mara wachezaji wakaanza kunong'onezana pembeni na kupanga njama, na wawili wakataka kupigana wao kwa wao. Kanuni zake hazikusema lolote juu ya mambo hayo, ikambidi abuni majibu papo hapo. Mwishowe alidhani ameuharibu mchezo. Kumbe wachezaji walikuwa wameufurahia, wakamwomba aandae mwingine! Arneson alikuwa mmoja wa kundi hilo.

Laiti ningalikijua kisa hicho siku ile ya mvua. Nilikuwa nimeandika kurasa 22. Mashujaa walitakiwa waondoke soko la Karatina, wapite msituni, waingie pango moja upande wa Nanyuki na kulinyang'anya zimwi ngoma ya mvua. Walipofika ukingoni mwa msitu, rafiki yangu aliyecheza mwindaji akasema, "Sisi hatuingii pangoni. Tunarudi sokoni kuuliza ni nani aliyeliuzia zimwi hiyo ngoma."

Lo! Sokoni sikuwa nimeandika mtu hata mmoja. Nikaleta mvua ya mawe. Wakasema watajifunika ngozi. Nikasema daraja limesombwa na maji. Wakasema wataogelea. Nikaleta simba watatu. Hapo rafiki yangu akaiweka karatasi yake mezani. "Hadithi ni yako, bwana," akasema. "Sisi ni abiria tu. Wacha utusomee basi, tulale." Akatoka, na wengine wakamfuata.

Huyo ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Kwa majuma mawili tulipishana njiani kwenda maakulini, tukisalimiana kama watu waliokutana kwenye matatu. Mie nilijiambia kwamba yeye ndiye mkaidi.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa nyanya yangu, Othaya. Usiku, karibu na moto, aliita, "Ugai itha!" nasi wajukuu tukaitika, "Itha!" kama ilivyo desturi ya kuanza ngano kwetu. Akatusimulia kisa cha mke wa mhunzi. Mumewe yuko mbali kiwandani kwake anafua vyuma, naye mama amejifungua, na irimu, yaani zimwi, linamnyima chakula. Njiwa anamjia, mama anampa mbarika ale, kisha anamtuma akamwimbie mhunzi habari hizo.

Kisa hiki nilikuwa nimekisikia mara nyingi. Lakini usiku huo binamu yangu mdogo alidakia, "Cucu, kwa nini huyo njiwa asilidonoe zimwi macho?" Nilitarajia anyamazishwe. Wapi! Nyanya akajibu, "Alijaribu." Akaeleza jinsi njiwa alivyoruka, jinsi zimwi lilivyomfunika kwa chungu, na jinsi mama alivyokivunja kile chungu kwa mwiko. Kisha njiwa akaenda zake kwa mhunzi, na kisa kikarudi njia yake ya kawaida.

Kesho yake nilimwuliza kipande hicho alikitoa wapi. Akacheka. "Mimi namjua njiwa, nalijua zimwi, naijua njaa ya yule mama. Mengine mnaniambia ninyi."

Darasani tunafundishwa kwamba fasihi simulizi ina fanani na hadhira, na kwamba fanani hubadilisha ngano kulingana na hadhira yake. Nilikuwa nimeliandika hilo katika mtihani nikapata alama zote. Ila sikuwa nimelielewa. Tangu hapo nafuata mambo matano ninapoongoza mchezo.

La kwanza, tayarisha watu, usitayarishe matukio. Kwa kila mtu andika anachotaka na anachoogopa. Zimwi langu sasa linataka mvua kwa sababu mtoto wake ni mgonjwa wa kiu. Wachezaji wakija na mikuki, najua litafanya nini. Wakija na kibuyu cha maji, najua pia.

La pili, kubuni papo hapo si kwenda mikono mitupu. Angalia kisa cha kweli cha mlima wetu. Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki ili waupande Mlima Kenya. Picha ya mlima kwenye kibandiko cha mkebe wa nyama iliwafaa kama ramani. Vyuma vya kuvaa viatuni wasiteleze barafuni walivifanyiza kwa vyuma chakavu. Kilele cha Batian, mita 5,199, kiliwashinda, lakini Lenana, mita 4,985, wawili wao walifika, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Njiani walibuni mengi, lakini kabla ya kutoroka walikusanya vitu kwa miezi. Msimulizi naye akusanye: majina kumi ya watu, mito, harufu za sokoni, bei ya asali. Jina ndilo humpotea mtu kwanza anapoulizwa ghafla.

La tatu, mchezaji akileta wazo, likubali kisha uliongezee. Usiseme "haiwezekani" upesi. Sema "ndiyo, na..." au "ndiyo, lakini..." kama nyanya alivyosema "Alijaribu."

La nne, kabla ya kurusha dadu, amua kushinda kutaleta nini na kushindwa kutaleta nini. Ikiwa kushindwa kutasimamisha hadithi tu, usirushe.

La tano, andika ulichokisema. Njia ya mwongo ni fupi. Ukisema leo mlinzi wa daraja ana jicho moja, na Jumamosi ijayo umpe mawili, hakuna atakayekuamini tena.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea rafiki yangu. Sikuja na kurasa. Nilimwuliza swali moja tu: "Ni nani aliyeuza ile ngoma?"

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Shangazi yangu. Yaani shangazi ya mwindaji. Alikuwa na deni."

Basi tukarudi sokoni Karatina. Tulicheza Jumamosi sita, na pangoni hawakuingia hata siku moja. Shangazi ndiye aliyeishia kulea mtoto wa zimwi, jambo ambalo sikulipanga mimi wala yeyote mwingine. Zile kurasa 22 ningali nazo. Migongo yake ndiyo ninayoandikia majina.

Kuna sheria yetu moja ambayo walimu wataipenda: atakayechanganya Sheng au Kiingereza hupoteza zamu. Kwa hivyo huongea Kiswahili saa tatu mfululizo, na hakuna anayetulazimisha. Anayetaka kujiunga aje nyuma ya darasa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mkebe upo. Njoo na mhusika wako, na utuambie anaogopa nini.